Joto la Maganda

Bi Hamda alizaliwa Bujumbura, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na mpaka alipohamia Omani akiwa mke wa mtu hakuwa ameona maji yakiganda ila ndani ya friji. Aliishi Nizwa miaka thelathini na zaidi, akafundisha mapishi na ushoni katika shule ya wasichana, akazaa mtoto mmoja, Adham, akamlea. Mumewe Harub alipostaafu alimwambia kwamba anataka akafie mlimani kwao. Hakusema akaishi, alisema akafie, na Bi Hamda alicheka, akidhani ni maneno ya mtu aliyechoshwa na joto. Wakapanda Jabal Akhdar mwezi wa tisa. Mwezi wa pili Harub akazikwa.

Aliacha nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na chini yake vipande viwili vya shamba vilivyopangwa kama ngazi kwenye mteremko, kila kimoja na ukuta wake wa mawe. Kisheria sehemu kubwa ilikuwa ya Adham, lakini Adham alikuwa kijana wa ofisini, ana kazi ya serikali Izki, na shamba kwake lilikuwa mahali pa kuegesha gari. Mvua za mwaka mmoja zilikuwa zimekwisha kukomba udongo wote ukateremka bondeni. Palibaki changarawe na mikomamanga kumi na minne iliyokonda.

Bi Hamda alikumbuka namna mama yake Bujumbura alivyokuwa akitupa maganda yote ya jikoni chini ya migomba, na mwezi haupiti ila yamekuwa udongo. Naye akafanya hivyo hivyo. Maganda ya viazi, ya machungwa, ya ndizi za dukani, machicha ya kahawa, kokwa za tende, vyote alivitupa kwenye mashina ya mikomamanga. Majira yale ya baridi ndoo ya maji iliyoachwa nje iliganda ikapasuka, na maganda nayo yakaganda. Mwezi wa tatu ulipofika yalikuwa vile vile alivyoyatupa, ila sasa yamekuwa meusi na yananuka, na mbuzi wa watu wamekwisha kuyatawanya mpaka njiani.

Jirani yake, Shaikha, mwanamke wa mlimani aliyezaliwa pale pale na hakujua neno la Kiswahili, alimwambia kwa Kiarabu, bila ubaya, kwamba Mzanzibari, jina waliloitwa huko wote waliotoka Afrika Mashariki, anafuga takataka. Bi Hamda hakujisumbua kumweleza kwamba Zanzibari hajapata kutia mguu.

Mwaka wa pili alianza kujifunza, na hakufunzwa na mtu. Aligundua kwamba baridi inaua kitu kidogo na haiwezi kitu kikubwa. Maganda machache yanaganda. Rundo linalomfika mtu kifuani, upana wake sawa na kimo chake, linajipasha moto lenyewe tumboni. Alijua kwamba lazima yakatwe madogo madogo kwanza, na kwamba kila tabaka la maganda mabichi lifunikwe na tabaka la vitu vikavu: majani ya mkomamanga, makuti yaliyokatwakatwa, mabua, samadi ya mbuzi iliyokauka. Aliliweka rundo kwenye pembe ya ukuta inayopigwa na jua la asubuhi na kukingwa na upepo, akalivika maboksi, juu ya maboksi magunia, juu ya magunia blanketi mbili za Harub. Na jambo kubwa alilojifunza ni kwamba likishashika moto, baridi yote usilifunue. Ukilifunua wakati wa baridi, joto linatoka kwa dakika chache na halirudi mpaka majira ya joto.

Nyumba yake moja haikutosha kulisha rundo la namna hiyo, basi alikwenda kwa majirani. Walimcheka, kisha wakampa. Shaikha alikuwa wa kwanza. Mwezi wa nne, mawaridi yakishapikwa kutolewa marashi, nyumba zilimwachia machicha yake, na hakuna kitu kilichokuwa kikipenda kuoza kama machicha ya mawaridi. Aliyakausha akayaweka kwa ajili ya baridi. Kufikia mwaka wa tano ndoo saba zilikuwa zikifika mlangoni kwake kila Jumamosi, nyingine zimeletwa na akina mama wenyewe, na walikaa wakanywa kahawa. Hivyo ndivyo alivyopata watu.

Alikuwa na nondo, kipande cha chuma kirefu kilichobaki kwenye ujenzi. Kila asubuhi alikichomeka katikati ya rundo, akahesabu mpaka mia mbili, akakichomoa na kukishika. Nje kuna barafu kwenye ukingo wa falaji, mfereji wa maji ya mashamba, na nondo inamchoma kiganja. Alikuwa akisimama hapo kidogo, mikono yake yote miwili imekizunguka kile chuma, kabla ya kwenda kupika chai.

Kipande cha juu kilikwisha kupata udongo mweusi wa kuzamisha kiganja kizima. Cha chini kilikuwa kikingoja rundo la mwaka wa saba.

Mwaka huo wa saba, mwezi wa kumi na mbili, Adham alikuja na habari njema. Amepata mchumba. Msichana anaitwa Israa, kasomea maabara, ni wa Ibra, na wazee wake walitoka Unguja mjini. Mama yake msichana na shangazi zake walitaka kuja kuona kwao Adham, Ijumaa ya wiki ya pili ya Januari.

"Waje," alisema Bi Hamda. "Nitawapikia."

Adham alikwenda dirishani, akatazama nje, akarudi.

"Mama, ile zibala, zile taka zako, lazima itoke."

"Si zibala. Ni mboji."

"Mboji ni nini?"

Alimweleza. Alimweleza kwa utulivu, kama alivyokuwa akiwaeleza wasichana darasani kwa nini unga unaumuka. Alimwambia rundo lina joto sasa, akitaka aje alishike. Mwezi wa tatu atalifungua, atalitandaza kwenye kipande cha chini, na hapo pembeni patakuwa pasafi.

"Mwezi wa tatu mbali. Wageni wanakuja Januari."

"Basi nitalifunika vizuri. Hawatajua ni kitu gani."

"Mama, hawa ni watu wa Unguja. Wewe unajua vile wanatuona. Sisi kwao ni watu wa bara, wa porini. Sasa wakute mama yangu anakusanya taka za majirani, watasema nini? Wallahi ni aibu."

Neno lile lilimfika, lakini alilimeza. "Baba yako angeliona angelifurahi," alisema.

"Khalas, Mama," alisema Adham. "Tuache."

Bi Hamda alidhani wameacha.

Alhamisi, siku moja kabla ya wageni, Adham alikuja na gari mapema, akasema anamchukua Nizwa wakanunue nguo na halua. Ilikuwa siku nzuri. Miaka mingi mwanawe hakuwa amempa siku nzima. Alimshika mkono kwenye ngazi za soko, akambebea mifuko, akamchagulia kitambaa cha rangi ya zabibu na kumwambia kinampendeza. Walikula samaki wa kuchoma kwenye mkahawa, na Adham alimtolea miiba kwa kidole kama mama alivyokuwa akimtolea yeye zamani. Bi Hamda alitaka warudi mapema akafunike rundo kabla jua halijazama, lakini Adham alisema bado kuna ubani wa kununua, na baada ya ubani kukawa na udi, na baada ya udi akataka kumwonyesha rafiki yake mmoja mwenye duka. Bi Hamda hakukasirika. Alijiona mtu anayehitajika.

Walifika nyumbani baada ya alasiri. Kwenye pembe ya ukuta palikuwa na kokoto nyeupe, zimetandazwa sawasawa, na juu yake viti vinne vya plastiki.

Alibaki ndani ya gari, mlango umefunguliwa, mguu mmoja chini.

Shaikha alitokea ng'ambo ya njia, kanga ya kichwani imekazwa kwa baridi. "Walikuja watu wawili na pikapu," alisema. "Wamefanya kazi tangu asubuhi. Nilidhani umelitoa kwa mtu. Hamda, moshi ulivyotoka walipolipasua, mpaka mmoja aliruka nyuma. Alidhani kuna moto."

Bi Hamda alimgeukia mwanawe. "Umelipeleka wapi?"

"Mama, twende ndani, baridi."

"Adham. Wapi?"

"Wadini, kwenye mto mkavu. Huko chini. Mama, ni siku moja hii. Harusi ikipita utafanya lingine."

"Ulilishika?"

"Nishike nini?"

"Kabla ya kuwaita watu. Ulitia mkono wako ndani hata mara moja?"

Adham alizunguka nyuma. Alifungua buti la gari akaanza kutoa mifuko, ile ile aliyombebea kutwa, na ndipo Bi Hamda alipoelewa siku yake ilikuwa ya nini. Samaki, kitambaa, mkono kwenye ngazi. Alichukua mfuko wa halua kwa sababu ulikuwa unamwangukia, akaingia ndani.

Asubuhi, jua lilipochomoza, aliteremka wadini na koleo na ndoo, bila kujua atafanya nini navyo. Walikuwa wamelimwaga kwenye mawe na kulisambaza. Lilikuwa jeupe kwa barafu juu yote. Maganda ya machungwa yaliyokuwa nusu yameoza yalikuwa yamekakamaa kama ngozi, machicha ya mawaridi yameshikana madonge, na minyoo aliyoikuta, myekundu, ilikuwa imenyooka migumu kama nyuzi. Blanketi za Harub zilikuwa chini ya yote. Alijaribu kuivuta moja, ikashikwa na barafu, akaiacha. Alichomeka koleo sehemu iliyobaki nene, akavua kinga ya mkono akaingiza vidole. Kote kulikuwa baridi sawasawa na mawe.

Akarudi kupika wali.

Wageni walifika baada ya sala ya Ijumaa, wanawake wanne na Israa wa tano. Mama yake Israa, Bi Dalal, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini Unguja kilichohifadhiwa kama nguo ya sanduku. Alimwamkia vizuri, akasifu udi, akasifu makomamanga, akasifu mandhari. Bi Hamda alimjibu, na Bi Dalal akatabasamu.

"Kiswahili chenu cha bara kina utamu wake," alisema. "Kizito kidogo, lakini kina utamu."

"Ndicho tulichopewa," alisema Bi Hamda.

Israa aliinama akambusu mkono. "Shikamoo, Mama." Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, na macho yake yalitazama kila kitu kwa haki. Bi Hamda alimpenda, na jambo hilo halikumsaidia.

Walipofika kwenye kahawa, Bi Dalal alijiegemeza kwenye takia akauliza, kwa wema wa mtu anayetafuta la kusema, "Na wewe bibi wangu, peke yako huku juu kwenye baridi hii, mchana kutwa unafanya nini?"

Bi Hamda alikuwa ameshika dele la kahawa. Alifungua kinywa. Alikuwa na mengi ya kumwambia. Angemwambia juu ya ndoo saba, na nondo, na udongo wa kipande cha juu.

"Anapumzika," alisema Adham kutoka mlangoni. "Nimemkataza asijishughulishe na kitu."

"Umefanya vyema," alisema Bi Dalal. "Mama ni wa kupumzishwa."

Bi Hamda alimmiminia kahawa. Alijaza kikombe hadi juu, jambo ambalo kwao ni kumwambia mgeni aondoke, akaliona kosa lake, akakichukua kikombe kile akakinywa mwenyewe, kikiwa moto vile vile. Hakuna aliyeona isipokuwa Israa.

Posa ilikubaliwa.

Jumamosi ndoo zilikuja kama kawaida. Bi Hamda alizirudisha moja moja, kwa miguu, nyumba hadi nyumba, zikiwa zimejaa. Alisema ameacha. Wengine waliuliza kwa nini, akasema mgongo. Shaikha, aliyejua yote, aliipokea ndoo yake bila kuuliza, akaitua chini baina yao. Wakasimama kuitazama.

"Tutalianza tena mwezi wa tatu," alisema Shaikha. "Mimi nitakusaidia kubeba."

"Nina miaka sitini na mitatu, Shaikha."

"Na mimi sabini."

"Basi tupumzike," alisema Bi Hamda, na sauti yake ilikuwa kali kiasi kwamba Shaikha hakurudia tena.

Akina mama hawakuwa na sababu ya kuja Jumamosi, nao wakapungua, si kwa chuki, kila mtu ana kazi zake. Kipande cha chini kilibaki changarawe. Harusi ilifanyika Ibra mwezi wa mfungo mosi, ukumbi mkubwa, na Bi Hamda alivaa kile kitambaa cha rangi ya zabibu kwa sababu watu wangeuliza. Alikaa pale alipowekwa. Adham alikuja kumbusu kichwani mbele ya kamera, naye alimwacha.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya Ijumaa moja, gari la Adham lilipanda likiwa na kitu kirefu cheusi kimefungwa juu kwa kamba. Lilikuwa pipa la plastiki lenye kifuniko na kijimlango chini. Ubavuni lilibandikwa picha ya nyumba ya mbao imezungukwa na theluji, na mwanamke wa Kizungu aliyevaa kofia ya sufu, anacheka, ameshika maganda ya karoti.

"Mama, tumekuletea," alisema Israa. Mashavu yake yalikuwa mekundu kwa furaha na baridi. "Nimeliona kwenye simu. Huko Ulaya watu wanafanya udongo kwa taka za jikoni, hata wakati wa theluji. Nikasema, huku kwako kuna baridi kama kwao, na shamba lile la chini halina udongo. Ni jambo zuri sana kwa mazingira. Adham kwanza hakutaka. Nimemlazimisha."

Bi Hamda alimtazama mwanawe juu ya bega la mkewe. Adham alikuwa akifungua fundo la kamba ambalo lilikuwa limekwisha kufunguka.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia Israa.

"Inafanywaje, Mama? Wewe umefundisha mapishi, utajua mambo haya kuliko mimi."

Bi Hamda alijua anachoulizwa na alijua anayemuuliza hana kosa. Yote yalikuwa mdomoni, kuanzia kisu mpaka blanketi.

"Sijui," alisema. "Soma karatasi yake."

Israa alisoma karatasi. Ilikuwa ya lugha tatu na hakuna hata moja iliyozungumza juu ya upepo wa Jabal Akhdar. Akaliweka pipa nyuma ya nyumba, upande wa kivuli, ili lisionekane. Kila wikiendi alikuja kutoka Izki na mifuko ya maganda aliyoyaweka wiki nzima, akayatumbukiza mazima mazima, bila jani kavu hata moja, akafungua kifuniko mara tatu kwa siku kutazama kama kuna kilichobadilika. Bi Hamda aliyaona yote hayo kutoka dirisha la jikoni.

Siku moja ya Desemba Adham alimfuata jikoni peke yake. Israa alikuwa nje, ameinama juu ya pipa na fimbo.

"Mama, msaidie. Yeye hajakufanyia kitu."

"Najua."

"Basi?"

"Nenda umwambie nini kilikuwa pale penye kokoto," alisema Bi Hamda. "Mwambie nani alikitoa, na siku gani, na mimi nilikuwa wapi. Ukimaliza kumwambia, mlete hapa. Nitamfundisha kila kitu."

"Nilifanya kwa ajili yetu sote."

"Mwambie hivyo pia."

Adham alisimama. Kwa kitambo Bi Hamda aliamini kwamba atakwenda. Alimwona akipumua, akiweka mkono kwenye kitasa. Kisha aliuondoa mkono, akachukua tende kwenye sinia, akasema kwamba jioni hii barabara itakuwa na ukungu, bora waondoke mapema. Hakuwahi kumwambia mkewe, si siku ile wala baadaye. Na Bi Hamda hakuwahi kufundisha. Angeweza kumwambia Israa mwenyewe, na alifikiri hivyo mara nyingi akikoroga chai, lakini hapo angekuwa amemsemea Adham, na alikwisha kumsemea tangu azaliwe.

Januari pipa liliganda lote mpaka likapasuka upande mmoja. Februari jua lilipopata nguvu kidogo, likayeyuka na kunuka hata Shaikha akalalamika kutoka ng'ambo ya njia. Israa alilimwaga kwenye shimo, akakaa kitako kulisugua kwa brashi, mikono mitupu, vidole vimekuwa vyekundu.

Bi Hamda alimletea maji ya moto kwenye birika. Alimmiminia taratibu juu ya mikono, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Labda kwako huku hakufai," alisema Israa bila kuinua uso. "Baridi ni nyingi mno."

"Labda," alisema Bi Hamda.

Aliendelea kumwaga mpaka birika likaisha, akaingia ndani kuchemsha jingine.